Wastani wa Kaunti Nzima Hautoshi: Jinsi ya Kukokotoa Takwimu kwa Kila Kundi

Kila mwaka, katika vikao vya kushirikisha umma kuhusu bajeti, wananchi huwekewa mbele takwimu nyingi: idadi ya visima vilivyochimbwa, wagonjwa waliotibiwa, magunia ya mbolea yaliyogawiwa, watoto walioandikishwa katika shule za chekechea. Mara nyingi takwimu hizo huja zikiwa zimeshajumlishwa kwa kaunti nzima: jumla moja, wastani mmoja. Mkaazi wa wadi ya mbali huisikia nambari hiyo, huitazama hali ya kijijini kwake, na haoni inavyomhusu.

Huenda nambari yenyewe ni sahihi kabisa. Shida ni kwamba haijibu swali lake. Yeye anataka kujua hali ikoje katika kila wadi, na jibu la swali hilo hupatikana kwa kuzigawa takwimu katika makundi kabla ya kupiga hesabu. Somo hili linaeleza jinsi kazi hiyo inavyofanywa kwa kalamu na karatasi, kwa programu ya R ambayo hailipiwi, na kwa lahajedwali la kawaida. Linaeleza pia makosa ambayo huharibu jibu hata pale kompyuta inapokuwa imehesabu vizuri.

Kwa nini kundi ni jambo la maana

Mfano ulio wazi unapatikana katika sheria za Kenya zenyewe. Ibara ya 204 ya Katiba ya 2010 ilianzisha Hazina ya Usawazishaji, inayotengewa nusu ya asilimia moja ya mapato ya Serikali ya Kitaifa kila mwaka. Fedha hizo ni za kufikisha huduma za msingi, yakiwemo maji, barabara, afya na umeme, katika maeneo yaliyotengwa kimaendeleo. Kazi ya kuweka vigezo vya kuyatambua maeneo hayo ni ya Tume ya Ugavi wa Mapato, inayojulikana kama CRA.

Sera ya kwanza ya tume hiyo ilipima hali kwa kiwango cha kaunti, na kaunti 14 zikaingia kwenye orodha. Kupima kwa namna hiyo kuna matokeo yake. Mji wenye maji na umeme ulio ndani ya kaunti iliyoorodheshwa unahesabiwa kuwa umetengwa. Kijiji kikavu kilicho ndani ya kaunti yenye wastani mzuri kinaachwa nje, kwa sababu mafanikio ya majirani zake yameificha shida yake. Sera ya pili, iliyotolewa mwaka 2018, ilishuka hadi katika maeneo madogo yaliyo ndani ya kaunti. Yakatambuliwa maeneo 1,424 katika kaunti 34.

Nchi ni ile ile, na lengo la Katiba halikubadilika. Kilichobadilika ni ukubwa wa kundi ambalo hesabu ilifanyiwa, na orodha ikatoka kaunti 14 hadi maeneo yaliyomo katika kaunti 34. Kwa hiyo anayeamua takwimu zigawanywe vipi anaamua pia, kwa kiasi kikubwa, ni nani ataonekana.

Hatua tatu: gawa, kokotoa, unganisha

Kazi hii ina hatua tatu, na karani yeyote wa ushirika wa maziwa anazifahamu hata kama hajawahi kuzipa majina. Mwisho wa mwezi ana rundo la risiti za maziwa yaliyopokewa kila asubuhi. Kwanza, anazitenganisha risiti kwa jina la mwanachama. Pili, anajumlisha lita za kila mwanachama peke yake. Tatu, anaandika orodha moja yenye jina la kila mwanachama na jumla yake, na orodha hiyo ndiyo inayotumika kulipa.

Hatua ya kwanza ni kugawa, ya pili ni kukokotoa, na ya tatu ni kuunganisha. Mtakwimu Hadley Wickham, mzaliwa wa New Zealand, aliieleza njia hii kwa kirefu katika makala aliyoichapisha mwaka 2011 kuhusu uchambuzi wa data. Karani hufanya kazi hiyo kwa mikono siku nzima, ilhali kompyuta huimaliza kwa mstari mmoja wa maandishi, hata risiti zikiwa laki moja.

Jambo la kushika ni kwamba kila kazi ya namna hii inahitaji vitu vitatu tu. Cha kwanza ni safu ya nambari zinazohesabiwa, kama lita za maziwa. Cha pili ni safu ya makundi, kama majina ya wanachama. Cha tatu ni fanksheni, yaani hesabu yenyewe inayofanyiwa kila kundi: jumla, wastani, idadi, nambari kubwa zaidi, au nyingine yoyote. Anayeweza kuvitaja vitu hivyo vitatu ameshamaliza sehemu ngumu ya kazi.

Mfano wa vifaranga katika programu ya R

R ni programu ya takwimu iliyoanzishwa na Ross Ihaka na Robert Gentleman katika Chuo Kikuu cha Auckland, New Zealand. Toleo lake la 1.0.0 lilitoka mwaka 2000. Inapakuliwa bila malipo kutoka kwenye intaneti na hutumiwa na vyuo vikuu na taasisi za takwimu duniani kote. Ndani yake mna majedwali ya mazoezi, na moja linawafaa sana wafugaji wa kuku. Linaitwa chickwts.

Jedwali hilo lina uzani, kwa gramu, wa vifaranga 71 walipofikisha wiki sita. Kila kifaranga alikuwa amepewa aina moja kati ya sita za chakula: kaseini, ambayo ni protini ya maziwa, horsebean, ambayo ni ya jamii ya maharagwe, mbegu za kitani, unga wa nyama, soya, na alizeti. Safu ya uzani inaitwa weight na safu ya chakula inaitwa feed. Majina hayo huachwa kwa Kiingereza kwa sababu ndivyo yalivyo ndani ya programu.

Wastani wa vifaranga wote kwa pamoja hupatikana hivi:

mean(chickwts$weight)

Jibu ni gramu 261. Mfugaji hawezi kufanya lolote na jibu hilo, kwa maana halimwambii anunue chakula gani. Ili kupata wastani wa kila chakula, mstari unakuwa hivi:

tapply(chickwts$weight, chickwts$feed, mean)

Vitu vitatu vilivyotajwa hapo juu vinaonekana kwa mpangilio: nambari zinazohesabiwa, makundi, kisha fanksheni. Alama ya dola haina uhusiano na pesa. Hapa ina maana ya "safu fulani iliyo ndani ya jedwali fulani". Majibu, yakikaribishwa kwenye gramu nzima, ni haya:

Kaseini: 324
Horsebean: 160
Kitani: 219
Unga wa nyama: 277
Soya: 246
Alizeti: 329

Sasa kuna la kuzungumza. Vifaranga wa alizeti walikuwa na uzani wa zaidi ya mara mbili ya wale wa horsebean. Ile 261 ya kwanza haikuwa uongo, lakini ilikuwa imeifunika tofauti yote hiyo.

Kubadilisha fanksheni hubadilisha swali

Faida kubwa ya njia hii ni kwamba ugawaji hubaki vile vile, na hesabu ndiyo inayobadilishwa. Mahali pa mean panaweza kuwekwa length ili kupata idadi ya vifaranga katika kila kundi, au sum ili kupata jumla, au max kwa uzani mkubwa zaidi. Ikiwekwa median, programu hupanga nambari za kila kundi kuanzia ndogo hadi kubwa na kutoa ile ya katikati.

Tukio la kuangaliwa kwa makini linatokea hapo. Kwa wastani, alizeti iko mbele ya kaseini, 329 dhidi ya 324. Kwa nambari ya katikati, kaseini iko mbele, 342 dhidi ya 328. Sababu ni kwamba vifaranga wachache wa kaseini walikuwa wadogo, mmoja akiwa na gramu 216 tu, na hao waliuvuta wastani chini. Nambari ya katikati haivutwi hivyo. Mwenye kuuza alizeti atataja wastani, na mwenye kuuza kaseini atataja nambari ya katikati, na wote wawili watakuwa wamesema kweli. Kwa hiyo mwananchi anayesomewa takwimu ana haki ya kuuliza ni hesabu gani iliyofanywa.

Hesabu ambayo haimo katika programu inaweza kutungwa na mtumiaji mwenyewe. Kwa mfano, tofauti kati ya kifaranga mzito zaidi na mwepesi zaidi katika kila kundi hupatikana hivi:

tapply(chickwts$weight, chickwts$feed, function(x) max(x) - min(x))

Herufi x inasimama mahali pa nambari za kundi moja. R hulichukua kundi la kwanza, huliita x, hufanya hesabu iliyoandikwa, kisha huendelea na kundi linalofuata hadi yaishe. Kwa alizeti tofauti ni gramu 197, kutoka 226 hadi 423. Kwa horsebean ni gramu 119, kutoka 108 hadi 227. Mambo mawili yanaonekana kwa pamoja: kifaranga mzito kuliko wote wa horsebean alimzidi kwa gramu moja tu yule mwepesi kuliko wote wa alizeti.

Njia nyingine za kufanya kazi ile ile

Wengine hupendelea jibu linalokuja kama jedwali, ili lihifadhiwe au litiwe kwenye ripoti. Fanksheni ya aggregate hufanya hivyo:

aggregate(weight ~ feed, data = chickwts, FUN = mean)

Alama ya wimbi husomeka "kwa kila": uzani kwa kila chakula. Makundi yakiwa ya aina mbili, yanaunganishwa kwa alama ya kujumlisha. Ofisi yenye jedwali la mavuno ya mahindi lenye safu za wadi na msimu ingeandika mavuno ~ wadi + msimu, na kupata mstari mmoja kwa kila wadi katika kila msimu.

Wanaotumia nyongeza ya R inayoitwa dplyr huandika hatua moja baada ya nyingine, na hatua zile tatu husomeka wazi:

library(dplyr)
chickwts |> group_by(feed) |> summarise(wastani = mean(weight), idadi = n())

Hapa jedwali linagawanywa kwa chakula, kila kundi linapigiwa hesabu mbili, yaani wastani na idadi, kisha majibu yanaunganishwa katika jedwali moja.

Asiye na R hajakwama. Katika Excel, LibreOffice au Google Sheets, fomula ya AVERAGEIF hutoa wastani wa kundi moja, SUMIF hutoa jumla na COUNTIF hutoa idadi. Kwa makundi mengi, chombo kinachoitwa PivotTable hufanya yote kwa mpigo: safu ya makundi huburutwa hadi upande wa mistari, safu ya nambari hadi upande wa thamani, kisha huchaguliwa jumla, idadi au wastani. Hatua ni zile zile tatu, ila hapa mtumiaji anabofya badala ya kuandika.

Kosa la kwanza: wastani wa wastani

Mtu akishapata wastani wa kila kundi, huona ni rahisi kuzijumlisha nambari hizo na kugawanya ili apate wastani wa wote. Kwa vifaranga, wastani wa zile nambari sita ni 259, wakati wastani wa kweli wa vifaranga wote ni 261. Tofauti ni ndogo kwa sababu makundi yanakaribiana kwa ukubwa: dogo lina vifaranga 10, kubwa lina 14. Makundi yakipishana sana, kosa hili huwa kubwa ajabu.

Sensa ya 2019 inaonyesha hivyo. Idadi ya watu na ukubwa wa eneo kwa kilomita mraba katika kaunti sita za Pwani zilikuwa hivi:

Mombasa: watu 1,208,333, eneo 219.9
Kwale: watu 866,820, eneo 8,267
Kilifi: watu 1,453,787, eneo 12,540
Tana River: watu 315,943, eneo 37,951
Lamu: watu 143,920, eneo 6,253
Taita Taveta: watu 340,671, eneo 17,152

Watu wakigawanywa kwa eneo, msongamano kwa kila kilomita mraba unakuwa 5,495 Mombasa, 105 Kwale, 116 Kilifi, 8 Tana River, 23 Lamu na 20 Taita Taveta. Anayezijumlisha nambari hizo sita na kugawanya kwa sita atatangaza kwamba Pwani ina watu 961 kwa kila kilomita mraba. Anayejumlisha watu wote, 4,329,474, na kugawanya kwa eneo lote, kilomita mraba 82,383 hivi, atapata takriban 53.

Jibu sahihi la swali "Pwani ina msongamano gani" ni 53. Ile 961 imetokea kwa sababu Mombasa, yenye sehemu ndogo sana ya ardhi ya Pwani, imepewa uzito sawa na Tana River ambayo peke yake ni karibu nusu ya eneo lote. Mtu akipanga mtandao wa mabomba ya maji kwa kutumia 961, mpango wake hautafanana na Pwani yoyote inayojulikana. Kanuni ni hii: panapohusika uwiano, jumla za makundi ndizo zinazojumlishwa kwanza, kisha mgawanyo hufanywa mara moja mwishoni. Kwa R ni sum(watu) / sum(eneo), si mean(watu / eneo).

Kosa la pili: jina moja lililoandikwa kwa njia nyingi

Kompyuta haijui kwamba "Bondeni" na "bondeni" ni mahali pamoja. Haijui hata kwamba "Bondeni" iliyofuatwa na nafasi tupu ni ile ile. Jedwali lililojazwa na makarani watatu linaweza kutoa wadi tatu mahali palipo na wadi moja, na kila moja ikaonekana kuwa na sehemu ndogo tu ya visima vyake. Kabla ya hesabu yoyote, orodha ya majina ya makundi inapaswa kutazamwa kwa macho. Katika R, table(wadi) huonyesha kila jina na mara ngapi limetokea, na tolower(trimws(wadi)) huondoa nafasi zilizozidi na kugeuza herufi zote kuwa ndogo. Majina yaliyokosewa tahajia hurekebishwa na mtu anayeijua kaunti.

Kosa la tatu: wadi iliyotoweka

Hili ndilo kosa lenye madhara makubwa kwa mwananchi, kwa sababu halionekani. Majedwali halisi yana mapengo. Zahanati fulani haikutuma ripoti ya mwezi, au mita ya maji haikusomwa. Katika R pengo huandikwa NA. Fanksheni ya mean ikikuta pengo moja tu hutoa jibu la NA kwa kundi zima, na mtumiaji huongeza na.rm = TRUE ili mapengo yaachwe kando. Fanksheni ya aggregate, ikiandikwa kwa alama ya wimbi, huiondoa mistari yenye mapengo yenyewe bila kutoa onyo. Wadi ambayo mistari yake yote ina mapengo haitokei kabisa kwenye jibu.

Hivyo ripoti inaweza kuwa na jedwali safi la "wadi zote", huku wadi yenye shida kubwa zaidi haimo, kwa kuwa zahanati isiyo na mhudumu ndiyo pia isiyotuma ripoti. Dawa yake ni rahisi. Idadi ya makundi kwenye jibu inalinganishwa na orodha rasmi ya wadi, na kila wastani huandikwa pamoja na idadi ya nambari uliotokana nazo na idadi ya mapengo. Pengo pia lisijazwe sifuri. Sifuri maana yake ni kwamba watu walihesabu na hawakupata kitu. Pengo maana yake ni kwamba hakuna aliyehesabu.

Kosa la nne: kundi dogo mno

Kadiri makundi yanavyogawanywa, ndivyo kila kundi linavyobaki na nambari chache. Wastani wa kaya 400 una uzito. Wastani wa kaya tatu unaweza kupinduliwa na kaya moja iliyohamia jana. Kuna hatari nyingine tena. Jedwali la ugonjwa fulani kwa kila kijiji, kwa jinsia na kwa umri, likionyesha mtu mmoja katika kundi, majirani watamjua hata kama jina lake halikuandikwa. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inalinda habari za afya za mtu. Kwa takwimu za namna hiyo, makundi madogo sana huunganishwa kabla ya kutangazwa.

Kuchagua safu ya kugawia

Hesabu inaweza kuwa sahihi, majina safi, mapengo yamehesabiwa, na bado ukweli usionekane kwa sababu makundi yamegawanywa kwa safu isiyofaa. Mfano wake ni wa zamani na unahusu kipindupindu, ugonjwa ambao Kenya inaujua.

Mwaka 1854 kipindupindu kiliua watu wengi London. Madaktari wengi wakati huo waliamini kwamba kinaenezwa na hewa chafu. Daktari John Snow alishuku maji. Katika mitaa kadhaa ya kusini mwa jiji, kampuni mbili ziliuza maji kwa nyumba zilizo jirani, mabomba yao yakipita barabara moja. Kampuni ya Lambeth ilikuwa imehamisha mahali pake pa kuteka maji mwaka 1852, ikapanda juu ya mto Thames mbali na maji taka ya jiji. Kampuni ya Southwark and Vauxhall iliendelea kuteka pale ambapo maji taka yaliingia.

Kuwagawa wafu kwa mtaa kusingeonyesha kitu, kwa kuwa katika mtaa mmoja kulikuwa na wateja wa kampuni zote mbili, wakivuta hewa moja. Snow aliwagawa kwa kampuni iliyowauzia maji, kazi iliyohitaji kwenda nyumba kwa nyumba kuuliza. Katika wiki saba za kwanza za mlipuko, nyumba 40,046 za Southwark and Vauxhall zilipata vifo 1,263. Nyumba 26,107 za Lambeth zilipata vifo 98. Kwa kila nyumba 10,000, hiyo ni vifo 315 upande mmoja, na kati ya 37 na 38 upande wa pili.

Hatua ni zile zile za karani wa maziwa: gawa kwa kampuni, kokotoa vifo kwa nyumba, unganisha katika jedwali la mistari miwili. Kilichohitaji fikra ni safu ya kugawia. Kwa kaunti, hiyo ina maana kwamba wadi si kundi pekee la kuulizia. Wakati mwingine tofauti inaonekana takwimu zikigawanywa kwa chanzo cha maji, kwa jinsia, kwa umri, kwa msimu, au kwa umbali kutoka barabara ya lami.

Mwananchi anaweza kuomba nini

Ibara ya 35 ya Katiba inampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa Serikali, zikiwemo za serikali za kaunti. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inaruhusu ombi liandikwe kwa Kiswahili au Kiingereza, na ofisi inatakiwa kulijibu ndani ya siku 21. Habari inayohusu uhai au uhuru wa mtu hutakiwa kutolewa ndani ya saa 48. Asiyeridhika anaweza kuomba uamuzi huo uchunguzwe upya na Ofisi ya Ombudsman.

Ombi zuri la takwimu hutaja mambo haya:

1. Nambari zinazotakiwa, kwa mfano visima vinavyofanya kazi.
2. Kundi la kugawia, kwa mfano kila wadi na kila mwaka wa fedha.
3. Hesabu inayotakiwa: jumla, wastani, au nambari ya katikati.
4. Idadi ya nambari katika kila kundi, pamoja na idadi ya mapengo.
5. Idadi ya watu au kaya katika kila kundi, ili uwiano uweze kukokotolewa.

Ombi linalosema tu "nipewe takwimu za maji" litajibiwa kwa jumla ya kaunti, na ofisi itakuwa imelijibu. Ombi lililotaja mambo hayo matano haliwezi kujibiwa kwa nambari moja.

Zoezi

Kwa kutumia takwimu za Pwani zilizo hapo juu, msomaji aiondoe Mombasa na akokotoe msongamano wa kaunti tano zilizobaki kwa njia mbili: kwanza kwa wastani wa nambari tano za msongamano, kisha kwa jumla ya watu ikigawanywa kwa jumla ya eneo.

Majibu: njia ya kwanza inatoa takriban 54. Njia ya pili ni watu 3,121,141 kwa kilomita mraba 82,163, yaani 38. Hata Mombasa ikiwa imeondolewa, njia hizo mbili hazikubaliani, kwa sababu Tana River bado ni kubwa kuliko Lamu zaidi ya mara sita na njia ya kwanza inazihesabu kuwa sawa. Jibu la kuamini ni 38. Lakini kwa mkaazi wa Tana River, yenye watu 8 kwa kila kilomita mraba, hata hiyo 38 haisemi lolote kuhusu umbali wa kwenda zahanati. Ni nambari ya kundi lake mwenyewe ndiyo itakayosema.